Rangi ya Kwetu

Ugomvi wa sare ulianzia kwenye simu. Mama alikuwa mbele ya nyumba, amekalia ndoo iliyofunikwa, anachambua mchele kwenye ungo, simu ameibana kati ya sikio na bega.

"Mama, siku hizi hakuna watu wanaovaa hivyo," binti yake alikuwa akisema. "Familia nzima kitambaa kimoja! Tutaonekana kama kwaya. Tutaonekana kama mapazia."

"Kwani kwaya si watu?"

"Sare ni ya wanafunzi na wafungwa. Mimi shule nimemaliza, na jela bado sijaingia."

Mama akacheka, maana binti huyo tangu mdogo alikuwa na mdomo. Kazi yake ilikuwa kupamba kumbi za harusi, na nyumbani walikuwa wamezoea kumwita Mpambaji, hata Mama mwenyewe. Alijua maua gani yakae na kitambaa gani, na watu walikuwa wakimfuata kutoka mbali.

"Siku hizi rangi zinaelewana, Mama, hazifanani," Mpambaji aliendelea. "Mmoja anavaa krimu, mwingine kahawia, mwingine anagusia kijani kwenye kilemba tu. Hapo ndipo picha inapendeza. Hii ni kazi yangu."

"Najua ni kazi yako, mwanangu. Nivalie tu."

"Lakini kwa nini?"

Mama aliinua macho. Mumewe alikuwa kwenye kizingiti, amekaa kimya, kiganja chake kimetulia juu ya mbao za mlango wa mbele kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Kwa sababu nimekuomba," Mama alisema. Jibu jingine alikuwa nalo, ila halikuwa la kusemwa.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Na siri ya nyumba hii ilikuwa ndani ya mlango ule.

Mumewe alikuwa fundi rangi. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na nyumba nyingi za mtaa huo zilikuwa zimepita mikononi mwake. Walipohamia kwao, bado vijana, alichanganya rangi ya mlango kwa mkono wake kutoka kwenye mabaki ya makopo ya wateja: kijani, njano kidogo, kijivu cha ukutani, na nyeusi ya kuchovya ncha ya kijiti tu. Ikatoka rangi ambayo haikuwa kijani cha majani wala cha chupa. Dukani haikuwepo. Kila ilipofifia aliichanganya upya, bila kupima, kwa jicho, na kila mara ilitoka ileile. Hakuipa jina. Watoto walipokuwa wadogo waliiita rangi ya kwetu, na jina likabaki.

Maradhi yalianza kwa kunyata. Kwanza Fundi alisahau majina ya vifaa vyake. Kisha asubuhi moja alikwenda kwenye nyumba aliyokwisha kuipaka zamani, akaanza kuukwangua ukuta. Mwenye nyumba, mama mmoja mjane, hakumfukuza. Alimwacha akwangue, akamletea chai na mkate, na alasiri akamrudisha nyumbani taratibu kwa mkono. "Ukuta wenyewe ulikuwa umeanza kubabuka," alimwambia Mama. "Amenisaidia sana." Baadaye Mama alipita pale akautazama ule ukuta. Haukuwa umebabuka popote ila pale Fundi alipokwangua. Alisimama nje ya ua wa yule mjane akiomba kimyakimya Mungu amlipe.

Halafu ikaja siku ambayo Mama aliingia sebuleni na kikombe cha chai, na Fundi akainuka, akavua kofia.

"Samahani, dada," alisema. "Mwenye nyumba yupo? Niliitwa hapa kupaka rangi."

Mama hakulia. Alijibu kwamba mwenye nyumba atarudi, akaweka chai mezani, akaenda jikoni, akaanza kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Siku hiyo alikuwa amevaa gauni la bluu.

Kesho yake alivaa gauni pana la kijani, la kitambaa alichokinunua zamani kwa sababu tu kilifanana na mlango wake. Fundi akamtazama kutoka kitandani, akasema kwa sauti yake ya siku zote, yenye kukwaruza, "Mwenzangu, leo hakuna chai humu ndani?"

Mama akajaribu. Akivaa bluu, ni dada. Akivaa nyekundu, ni mama wa watu. Akivaa kijani kile, ni mwenzangu. Sura zilikuwa zimemtoka Fundi kama chokaa kwenye mvua, lakini jicho la rangi lilikuwa limebaki. Tangu hapo Mama aliishi ndani ya gauni moja. Alilifua usiku Fundi akiwa amelala, na pengine alilivaa likiwa na unyevu mabegani.

Watoto hawakujua. Walipopiga simu, Fundi alisema ndiyo, mwanangu, hatujambo, mkazane na kazi, maneno yanayomfaa mwana yeyote wa mtu yeyote, kisha Mama akachukua simu. Aliwaficha kwa sababu moja. Mwanawe mkubwa, mwalimu mkuu wa shule, mtu aliyeongea hata mezani kana kwamba wanafunzi wamepanga mstari mbele yake, alikuwa amekwisha kupitisha hukumu walipoanza tu kuona Baba anasahau.

"Siku Baba atakaposhindwa kututambua, hapa hamtakaa," alisema Mwalimu. "Yeye atakuja kwangu, karibu na hospitali kubwa. Wewe utakwenda kwa dada. Kwangu chumba cha wageni ni kimoja, cha mtu mmoja, Mama, unakijua."

Hakusema kwa ubaya. Alisema huku macho yake yakiwa mekundu, na hilo ndilo lililomfunga Mama mdomo. Angekuwa mtoto mbaya, Mama angemjibu. Huyu alikuwa mwema, na katika wema wake alikuwa anataka kuwagawa wazee wake kama sufuria za marehemu.

Kwa hiyo Mwalimu alipotangaza kwamba wote watakuja wapige picha moja na Baba, angali mzima, Mama hakuweza kukataa. Aliomba kitu kimoja tu: wavae sare, na kitambaa atatafuta yeye.

Alibandua kipande cha rangi mlangoni, chini karibu na bawaba, akakifunga kwenye kona ya leso, akaenda kwenye maduka ya vitambaa. Muuzaji mmoja, mzee mwenye kikohozi, alimtolea majora ya kijani moja baada ya jingine. Mama alitingisha kichwa kwa kila moja. Mwishowe yule mzee akayabeba majora mwenyewe mpaka nje juani, kifua kikimwuma, ili waone vizuri. "Hili hapana. Hili hapana. Hili?" Hilo. Mama alilishika akaliweka shavuni. Muuzaji hakuuliza kitu. Alimkunjia vizuri, na juu yake akamfungia vifungo vya rangi hiyohiyo, zawadi.

Fundi cherehani wa jirani akashona. Kipande cha Mpambaji kilipelekwa kwa basi, maana alikaa mbali na alisema anaye fundi wake.

Siku ya picha, Fundi alikuwa ameketi mlangoni tangu asubuhi, amenyolewa, shati lake jipya limepigwa pasi. Mama alikuwa kwenye gauni lake. Alipoona gari la Mwalimu linasimama, akamnyoosha Fundi kola.

Mwalimu alishuka akiwa kwenye shati la kijani. Mkewe nyuma yake, gauni la kijani, mtoto mgongoni amefungwa kofia ya kijani. Kitinda mimba, fundi wa simu mwenye mizaha, akafuatia akitembea kwa madaha.

Fundi akainuka. Uso wake ulifunguka wote.

"Wameingia watu wa kwetu!" alisema. "Karibuni, karibuni nyumbani!"

"Baba, tumekuja fungu zima," Kitinda mimba alisema, akimkumbatia. "Kama mchicha sokoni. Chagua, bei ni maelewano."

"Mchicha mzuri huo," alisema Fundi, na wote wakacheka.

Mwalimu alimvuta Mama pembeni. "Mbona yuko vizuri hivi? Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mabaya."

"Mungu ni mwema," alisema Mama.

"Basi tungoje kwanza. Hakuna haja ya haraka."

Mama aliingia ndani kana kwamba anafuata kitu, akaketi ukingoni mwa kitanda, akavuta pumzi ambayo hakuwa ameivuta kwa muda mrefu. Tungoje kwanza. Maneno mawili tu, na yalikuwa mazito kuliko mali.

Mpambaji alikuwa amechelewa njiani, akasema atawakuta moja kwa moja kwenye studio ya picha ya mtaani. Wengine wakaenda kwa miguu.

Mpiga picha alikuwa msichana mpole mwenye miwani. Mama alikuwa ametangulia kumwona siku zilizopita, kumwomba asitumie taa zake, bali awapige nje, kwenye mwanga wa Mungu, kwa sababu taa hubadilisha rangi. Msichana angeweza kusema taa ndiyo kazi yake. Hakusema. Walipofika walikuta amekwisha kutoa benchi kwenye ua wa nyuma, amefagia, na ukuta wa nyuma ameufunika kwa shuka jeupe.

Wakajipanga. Fundi katikati ya benchi, Mama kushoto kwake. Kulia pakaachwa wazi, pa Mpambaji. Hapo palikuwa pake tangu utotoni. Ndiye aliyekuwa akimshikia baba yake kopo la brashi, ndiye aliyerudi nyumbani na madoa puani akigombezwa na mama yake.

Naye akaingia, viatu mkononi kwa sababu ya vumbi, anahema, anacheka. Alikuwa amevaa gauni pana la kijani, la kitambaa chepesi kinachoanguka vizuri, la dukani.

"Usinitazame hivyo, Mama!" alisema kabla hajaulizwa. "Nimevaa kijani, si ndiyo? Kile kitambaa chako kinachoma, kigumu kama turubai. Kijani ni kijani."

Mama alilitazama gauni lile, akalitazama na lake. Kwa macho ya wengine tofauti ilikuwa ndogo, ya kubishania tu. Hata mpiga picha alipiga makofi. "Mmefanana jamani! Kama ndizi za kichane kimoja."

Mpambaji akaketi palipo pake, akaegemea bega la baba yake. Fundi akasogea taratibu, kwa heshima, mpaka bega likawa huru.

"Samahani, binti," alisema. "Hapa wanapigwa picha watu wa familia. Ukisubiri kidogo pale kivulini, na wewe watakuhudumia."

Mpiga picha akashusha kamera. Halafu Kitinda mimba akaangua kicheko mpaka akashika magoti.

"Uwii! Umekomeshwa leo! Si ulisema sare ni ya wafungwa?"

"Baba hajasahau kitu," Mwalimu naye alisema, anacheka, anafuta macho. "Hongera, Baba. Nidhamu kwanza."

Mpambaji alijaribu kucheka nao. "Baba, basi. Nimeshika adabu. Ni mimi."

"Ndiyo, binti." Fundi alikuwa anamtazama kwa upole kabisa, kichwa amekiinamisha, jinsi alivyokuwa akiwatazama wateja. "Na rangi yako ni nzuri. Aliyeichanganya anajua kazi. Ila si ya kwetu."

Wakacheka tena. Mpambaji hakucheka. Mama alimwona anavyobadilika, kicheko kinamtoka usoni kidogo kidogo, mpaka akabaki na uso aliokuwa nao alipokuwa mtoto wa kupigwa shuleni.

"Kwa gauni, Baba? Kwa gauni tu?"

Fundi alimgeukia mkewe kama anayeomba msaada na mteja mgumu.

"Kumbe ndiyo maana," alisema Mpambaji. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwenye simu hunitaji jina. Kila siku mwanangu, mwanangu, kama unayeongea na mpita njia. Sikuja mwaka jana, nikajua umekasirika, nikasema yataisha. Kumbe ulishanitoa moyoni siku nyingi."

"We naye, Baba anatania," alisema Kitinda mimba, lakini mzaha ulikuwa umemkauka mdomoni.

Mpambaji aliokota viatu vyake na mkoba wake, akaingia ndani ya studio.

Mama alibaki amekaa. Kila kitu alichokuwa amekificha kwa miezi yote ile kilikuwa bado kimefichika. Wanawe waliona mzee mwenye hasira zake na akili zake, anayemwadhibu binti mkaidi. Akikaa kimya, itapigwa picha, watu watarudi makwao, Mwalimu atangoja kwanza, na yeye ataendelea kuamka ubavuni mwa mume wake. Na binti yake atapanda basi akiamini kwamba baba yake amemkana. Atakaa na neno hilo mpaka siku ya mazishi, na baada ya mazishi.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama aliinuka.

"Kaeni hivyohivyo," alisema. "Naja."

Mpambaji alikuwa nyuma ya pazia la kubadilishia nguo, ameinamia ukuta. Hakugeuka.

"Usije kunibembeleza, Mama."

"Sikuja kukubembeleza. Baba yako hakujui."

"Nimeona. Amenikana mbele ya watu."

"Nisikilize vizuri. Hakujui, mwanangu. Hamjui kaka yako, hamjui mdogo wako. Akikutana na mimi uani nimevaa bluu ananiuliza mwenye nyumba yuko wapi." Mama alishika kitambaa cha gauni lake kifuani, akakivuta. "Anachojua ni hiki. Hii rangi ya mlango. Aliyeivaa ni wa kwake. Asiyeivaa ni mgeni, hata awe nani."

Mpambaji aligeuka. Alimtazama mama yake, akalitazama lile gauni, lilivyochakaa mabegani kwa kufuliwa, na Mama aliona jambo lile linavyomwingia, taratibu, kama maji kwenye udongo mkavu.

"Kwa hiyo sare…"

"Ndiyo."

"Mama. Na mimi nikakwambia mapazia."

"Ulikuwa hujui. Vua."

"Nini?"

"Vua gauni lako unipe. Uvae hili."

Mpambaji alirudi nyuma hatua moja. Hakuwa mjinga. "Ukivaa langu, kaka atajua. Atamwona Baba anavyokutazama. Atamchukua, Mama. Alishasema."

"Najua alichosema."

"Basi acha. Nitatoka kwa mlango wa mbele, uwaambie kichwa kinaniuma. Mimi sasa nimeelewa, inatosha."

Mama alimshika shavu. Alikuwa na binti mwema, na hilo nalo lilimwuma. "Haitoshi. Kuelewa ni kitu kingine. Mimi baba yako amenijua maisha yangu yote. Wewe chukua hata siku moja. Vua, watu wanangoja juani."

Wakavuliana pale nyuma ya pazia kama watoto wanaooga. Magauni yote yalikuwa mapana, hayakumbagua mtu. Mpambaji alimfungia mama yake kifungo cha shingoni, vidole vyake vikiteleza. La dukani lilikuwa laini mno, kama kuvaa maji. Mama alijiona kwenye kioo cha studio, akageuka upande.

Mpambaji alitoka kwanza. Mama alisimama mlangoni kwenye kivuli, akachungulia.

Fundi alipomwona akapiga goti lake kwa kiganja. "Ulikuwa wapi wewe? Tunakungoja wewe tu!" Akamshika mkono, akamvuta mpaka bega lake la kulia, akamkalisha. "Jua litatuchoma hapa."

"Baba," alisema Mpambaji. "Mimi nani?"

Fundi alicheka kama aliyeulizwa swali la kitoto. Macho yake yakashuka kwenye mkono wa gauni, yakatulia hapo. "Wewe? Wewe si wa kwetu?"

"Wa kwetu nani, Baba?"

"Wa kwetu," alirudia, na akampigapiga mkono. Zaidi ya hapo hakuwa nacho. Mpambaji aliegemea bega lile, akafunga macho, machozi yakamtoka na huku anatabasamu, akachukua alichopewa.

Ndipo Mama akatoka.

"Mama!" Kitinda mimba alisema. "Mmebadilishana? Jamani, hata wewe sasa umeanza…" Hakumaliza. Alikuwa amemwona baba yake.

Fundi alikuwa ameinuka. Alivua kofia. Alitoa leso mfukoni, akapangusa benchi pale alipokuwa amekaa yeye, katikati, akaipangusa vizuri, mpaka pembeni.

"Karibu, dada," alisema. "Umesimama juani. Kaa hapa, tafadhali. Vijana, sogeeni kidogo, mgeni hasimami."

Hakuna aliyesogea.

"Baba," alisema Mwalimu polepole. "Huyu ni Mama."

"Eh, vizuri," alisema Fundi kwa adabu. "Mama wa nani?"

Kicheko hakikuwepo tena uani pale. Mke wa Mwalimu alimpakata mtoto akatazama chini. Mwalimu alimwangalia baba yake, kisha mama yake, kisha lile gauni la kijani kwenye mwili wa dada yake, na uso wake ukafunga kama darasa siku ya mwisho wa muhula. Aliinama akaanza kuirekebisha kofia ya mtoto, ambayo haikuwa na kasoro.

Mama alikwenda akaketi pale alipopangusiwa. Hakuwa amepangusiwa kiti na mumewe tangu siku za uchumba wao. Walipooana walizoeana, na aliyezoewa hupishwa kwa "sogea." Sasa alikuwa ameketi katikati ya watoto wake, amepewa heshima zote, na kila heshima ilikuwa inamchoma.

Fundi akasimama nyuma yake, mkono juu ya egemeo la benchi, asimguse.

Mpiga picha alikuwa ameona yote. Alifuta miwani yake, akaivaa tena. "Bibi akae palepale katikati," alisema. "Mwanga umemkaa vizuri." Hakuomba watabasamu. Akapiga, akapiga tena, akasema asanteni.

Ukiiona picha ile leo, huwezi kujua. Ni watu waliovaa kijani, wamependeza, na bibi yao katikati kwenye gauni zuri kuliko yote. Wanaoiona husema familia ile inajua kuvaa.

Wengine walipokuwa wanakusanya vitu, Mwalimu alimkuta Mama kwenye kona ya ua.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Na ulikuwa unatuficha. Mama, mficha maradhi…"

"Kilio humuumbua. Najua. Mimi ndiye niliyekufundisha."

Mwalimu alishika kipaji cha uso. Sauti yake ya kuwapanga watu mstari ilikuwa imemwisha. "Anahitaji watu wanaojua ugonjwa huu. Akitoka nje siku moja akapotea, je? Wewe peke yako, na wewe si msichana. Nitakuja kumchukua mwisho wa mwezi. Sioni njia nyingine. Kama unaiona, niambie."

Mama alitafuta. Alitafuta kweli, kama mtu anayepapasa chini ya kitanda gizani. Aliwaza yule mjane na ukuta wake, aliwaza usiku Fundi alivyofungua mlango akatoka pekupeku na yeye akamrudisha.

"Mlango wa hicho chumba chako una rangi gani?" aliuliza mwishowe.

"Kahawia, Mama."

"Nitakupa kipande. Tafuta fundi mzuri, aichanganye mpaka ifanane. Aichukulie muda. Na wewe uwe unavaa hilo shati. Na mkeo. Mkifua, msianike juani, litafifia."

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Alimshika mama yake mikono yote miwili, akainamisha kichwa juu yake, mtu mzima yule, mwalimu wa walimu, na Mama ndiye aliyelazimika kumbembeleza.

Jua lilipopungua walirudi kwa miguu, nyumbani hapakuwa mbali, na Mwalimu alitaka Baba anyooshe magoti. Kijani kilitangulia njiani: Fundi katikati ya wanawe, Mpambaji kamshika mkono hamwachii, Kitinda mimba anatafuta mzaha wowote wa kuwachekesha na haupati. Mama alikuwa nyuma, gauni laini likimpepea miguuni. Mpambaji aligeuka mara kwa mara kumtazama, na kila mara Mama alimwashiria kwa kidevu: nenda, nenda naye.

Kwenye kona Fundi alisimama. Alimwachia binti yake mkono, akageuka, akamngoja yule aliyebaki nyuma mpaka akafika.

"Dada," alisema, "kwenu wapi? Giza litaingia sasa hivi. Si vizuri mtu atembee peke yake. Tukusindikize kwanza, hawa vijana hawana haraka."

Mama alimtazama. Alikuwa na uso uleule, na sharubu zilezile alizompunguzia asubuhi.

"Njia yetu ni moja," alisema.

"Basi vizuri," alisema Fundi, akamchukulia mkoba.

Wakafuatana.